Hujaji Mlangoni: Hekalu la Kanyakumari na Swali la Nani Aruhusiwe Kuingia

Utangulizi

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kiyunani, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alitunga kitabu kidogo cha kuwaongoza mabaharia waliotoka Misri kwenda kufanya biashara katika Bahari ya Hindi. Kitabu hicho hujulikana kwa jina la Periplus. Wanafunzi wa historia katika vyuo vyetu hukifahamu kwa sababu kinaitaja pwani yetu, iliyoitwa Azania, pamoja na soko la Rhapta lililokuwa kikomo cha safari za kusini. Ni wachache wanaoendelea kukisoma hadi mwandishi anapofika ncha ya kusini ya Bara Hindi. Huko anataja mahali paitwapo Komari, penye rasi na bandari, ambapo wanaume kwa wanawake waliotaka kujiweka wakfu maisha yao yote walikwenda kuoga na kuishi bila kuoa wala kuolewa, kwa kuwa ilisimuliwa kwamba mungu mke alikaa hapo zamani na kuoga katika maji yale.

Mahali hapo ndipo Kanyakumari ya leo, katika jimbo la Tamil Nadu. Mahujaji wangali wanakwenda huko, na mungu mke anayeheshimiwa hapo angali anaitwa Bikira. Kwa hiyo tunayo habari ya hija iliyo na umri wa karibu miaka elfu mbili, iliyoandikwa katika kitabu kile kile kilichoandika habari za pwani yetu.

Makala haya hayakusudii kujibu kama yule anayeabudiwa Kanyakumari ni Mungu wa kweli. Kwa Mkristo amri ya kwanza imekwisha kulijibu swali hilo, na Katekisimo Ndogo imetufundisha maana yake tangu utoto. Swali letu ni jingine: Hujaji anapofika mlangoni, ni nani anayemzuia, kwa sababu gani, na nini humpata baada ya hapo? Historia ya hekalu hili inatoa jibu linaloligusa Kanisa, na hasa Kanisa la Kilutheri, kwa karibu zaidi kuliko tunavyodhani.

1. Mahali na masimulizi yake

Kanyakumari ni mahali ambapo nchi ya India inakwisha. Mashariki iko Ghuba ya Bengal, magharibi Bahari ya Arabuni, na kusini Bahari ya Hindi. Hekalu limejengwa kando ya ufuo. Hujaji kwa desturi huanza kwa kuoga baharini. Kisha huvua viatu, na mwanamume huvua pia shati na kubaki kifua wazi, ndipo huingia kwa lango la kaskazini. Huzunguka ndani ya kuta za mawe hadi afike mbele ya chumba cha ndani kinachomulikwa na taa za mafuta. Hapo yupo mungu mke katika umbo la msichana, ameshika tasbihi mkononi, na puani ana kipini chenye kito kinachong'aa. Mlango wa mashariki unaoelekea bahari hufungwa karibu mwaka mzima na kufunguliwa siku chache tu za sikukuu. Watu wa huko husimulia kwamba zamani mng'ao wa kito hicho uliwapoteza mabaharia, wakadhani ni mnara wa taa, na vyombo vyao vikavunjika miambani.

Masimulizi ya hekalu yanasema kwamba pepo mmoja mwenye nguvu, Banasura, alikuwa amepewa ahadi kwamba hatauawa na mtu yeyote isipokuwa bikira. Wakati huo huo mungu Shiva, anayeabudiwa katika hekalu la Suchindram lililo karibu, alitaka kumwoa Kumari, na arusi ikapangwa kufungwa usiku. Mwenye hekima Narada aliona kwamba arusi ikifungwa pepo hatashindwa kamwe. Basi akajigeuza jogoo akawika kabla ya wakati. Bwana arusi akadhani kumekucha na saa ya baraka imepita, akarudi alikotoka. Karamu haikupikwa. Mchele na nafaka zilizoandaliwa zikageuka kuwa mchanga wa rangi nyingi unaoonekana ufuoni hata leo, na bibi arusi akabaki bikira, akamshinda pepo, naye angali anangoja.

Jambo ambalo hujaji anakwenda kulitafuta huitwa darshani. Maana yake ni kuona, lakini si kuona kama mtalii aonavyo mlima. Katika imani ya Kihindu hujaji huenda kumwona mungu na kuonwa naye. Kutazamana huko ndiko baraka yenyewe, na kwa sababu hiyo umbali una uzito mkubwa. Aliyezuiliwa kwenye lango hakukosa kuliona jengo tu, amenyimwa kuonwa. Tusipolielewa jambo hili hatutaelewa uchungu wa habari zinazofuata.

2. Waliobaki nje

Hadi mwaka 1949 Kanyakumari ilikuwa sehemu ya Travancore, nchi ya kifalme iliyojulikana kwa ukali wa sheria zake za matabaka. Watu wa matabaka ya chini hawakuruhusiwa kuingia katika mahekalu, na mara nyingi hata kupita katika barabara zilizoyazunguka. Miongoni mwao walikuwamo Wanadar, ambao wengi wao walikuwa wagema wa mivumo, Waezhava, na chini yao wale walioitwa wasioguswa. Watu hao walitozwa kodi na kutumikishwa. Walipangiwa hata namna ya kuvaa. Wanawake wa Kinadar walikatazwa kufunika vifua vyao mbele ya watu wa matabaka ya juu, na ugomvi juu ya jambo hilo uliendelea kwa miongo kadhaa, hata serikali ilipotoa tangazo mwaka 1859 la kuwaruhusu wajifunike, mradi wasivae kama wanawake wa matabaka ya juu.

Katika kijiji cha Mylaudy, mwendo mfupi kutoka Kanyakumari, aliishi mwishoni mwa karne ya 18 mtu aliyeitwa Maharasan. Alikuwa wa watu wasioguswa. Aliweza kuliona hekalu la Bikira kwa mbali lakini si kuliingia. Kanisa la huko limehifadhi habari zake. Alikuwa mtu mwenye kiu ya Mungu, akafunga safari ndefu ya hija pamoja na jamaa yake hadi Chidambaram, hekalu mashuhuri la Shiva, mbali sana upande wa kaskazini. Hakuridhika na aliyoyaona huko. Akaenda kuwatembelea ndugu zake waliokuwa Tanjore, na huko akasikia mahubiri ya mmisionari Mlutheri, John Caspar Kohlhoff, mwanafunzi wa Schwartz. Akabatizwa na kupewa jina la Vedamanickam. Akarudi kwao akiwa na vitabu, akaanza kuwahubiri jamaa zake.

Vedamanickam ndiye aliyeomba mmisionari aje Travancore. Aliyekuja ni William Tobias Ringeltaube, Mjerumani aliyesoma Halle na kubarikiwa kuwa mchungaji wa Kilutheri, ingawa alitumwa na Jumuiya ya Misioni ya London. Ringeltaube aliwasili Tranquebar mwaka 1804 na kuingia Travancore mwaka 1806. Kibali cha kujenga kilipatikana kwa shida, na kanisa la Mylaudy likasimama mwaka 1809. Mwaka 1816 Ringeltaube, akiwa mgonjwa, aliiacha kazi mikononi mwa Vedamanickam akasafiri, na mwisho wake haukujulikana hata leo. Katika mavuno ya kazi hiyo wilaya ya Kanyakumari ina Wakristo wengi sana. Sensa ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa walikuwa karibu asilimia 47 ya wakazi, pamoja na Wakatoliki wa pwani ambao mababu zao walibatizwa katika siku za Francis Xavier, katika karne ya 16.

Tutafakari mpango wa habari hii. Kanisa la Mylaudy halikuanza kwa mmisionari, lilianza kwa hujaji. Mtu aliyezaliwa karibu na mlango ambao ulifungwa mbele yake alitembea mamia ya kilomita kutafuta mlango mwingine, naye akarudi nyumbani na Injili.

3. Hujaji aliyezuiliwa na hujaji aliyeingia

Mwezi Machi 1925 Mohandas Gandhi alikuja Travancore. Aliitwa na mapambano ya Vaikom, ambako tangu tarehe 30 Machi 1924 watu walikuwa wakikamatwa kwa kudai haki ya kila mtu kupita katika barabara zilizolizunguka hekalu la Shiva. Jambo la kushangaza ni kwamba Wakristo na Waislamu walipita katika barabara hizo bila kuulizwa, bali Mhindu Mwezhava alikatazwa. Mkristo mmoja wa Kisiria, wakili George Joseph, alipotaka kuyaongoza mapambano, Gandhi alimsihi akae kando. Alisema kwamba dhambi hiyo ni ya Wahindu na ni wao wanaopaswa kuitubia.

Katika safari hiyo hiyo Gandhi alifika Kanyakumari. Kama mahujaji wote, alitaka darshani. Akaruhusiwa kulizunguka hekalu, lakini alipofika penye chumba cha ndani alizuiliwa. Sababu yake ilikuwa kwamba amekwenda Uingereza. Kwa mujibu wa desturi za zamani, mtu wa matabaka ya juu aliyevuka bahari alijitia unajisi. Gandhi alikuwa amekwisha kuonja adhabu hiyo mwaka 1888, viongozi wa tabaka lake walipomtenga huko Bombay kwa kwenda kusoma ng'ambo. Wahindi wengi waliokuja kukaa katika pwani yetu waliivuka bahari hiyo hiyo, wakijua desturi ilisema nini. Gandhi aliandika habari za kuzuiliwa kwake katika gazeti lake la Navajivan: furaha yake ya kufika mahali pale pazuri ikageuka kuwa huzuni, akajiuliza kama kweli Bikira wa Kanyakumari angeweza kutiwa unajisi na mtu.

Mapambano ya Vaikom yalikwisha mwezi Novemba 1925 kwa mapatano ya nusunusu: baadhi ya barabara zilifunguliwa, mlango wa hekalu haukufunguliwa. Kisha mwaka 1935 Dakta Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa wasioguswa, alitangaza kwamba hatakufa akiwa Mhindu. Huko Travancore viongozi kadhaa wa Waezhava walianza kunena waziwazi juu ya kuhama dini, na baadhi yao wakafanya mazungumzo na viongozi wa Kanisa. Watu walikuwa maelfu kwa maelfu. Katika ofisi za misioni palikuwa na matumaini makubwa, na katika jumba la kifalme palikuwa na hofu.

Tarehe 12 Novemba 1936 mfalme kijana wa Travancore, Chithira Thirunal Balarama Varma, alitia sahihi tangazo fupi. Lilisema kwamba tangu siku hiyo Mhindu yeyote, wa tabaka lolote, asizuiliwe kuingia wala kuabudu katika mahekalu yaliyo chini ya serikali. Wanahistoria wanabishana juu ya sababu. Wengine wanataja dhamiri ya mfalme, wengine ushauri wa waziri wake mkuu C. P. Ramaswami Iyer, wengine mapambano ya miaka mingi ya watu wenyewe, na wengine hofu ya kuwapoteza Waezhava. Yawezekana yote yalikuwamo. Mungu hutumia hata hofu ya wafalme.

Mwezi Januari 1937 Gandhi alirudi, na safari hii aliieleza kuwa ni hija. Hakuja kuhutubia juu ya siasa. Alikwenda hekalu hadi hekalu pamoja na wale waliokuwa wamekatazwa, akafika tena Kanyakumari, na mlango uliofungwa mbele yake miaka kumi na miwili kabla ukawa wazi. Katibu wake Mahadev Desai aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo. Fikiria, ndugu msomaji, mgema mzee aliyeingia siku zile kwa mara ya kwanza. Bibi zake na babu zake walikuwa wameliona paa tu.

Hapa pana swali gumu kwetu. Baada ya tangazo la 1936 ule wimbi la watu waliotazamiwa kuingia Kanisani halikuja. Je, Kanisa lingefurahi au lingehuzunika? Aliyekuwa amelia juu ya waliodhulumiwa alipaswa kufurahi kwamba dhuluma imepungua. Aliyekuwa akihesabu watakaobatizwa alihuzunika. Katika moyo wa mtumishi mmoja hisia hizo mbili zaweza kukaa pamoja, lakini ni moja tu iliyotokana na upendo. Kama tunahitaji mlango wa jirani ufungwe ili wetu ujae, basi hatujajiamini kwamba tunayo Injili.

4. Mlango wetu wenyewe

Ingekuwa rahisi kuiandika historia hii kama shitaka juu ya Uhindu. Ukweli hauturuhusu. Katika makanisa ya Kilutheri ya nchi ya Watamil matabaka yaliingia pamoja na waumini. Katika kanisa la Yerusalemu Mpya huko Tranquebar, lililowekwa wakfu mwaka 1718, watu wa matabaka ya juu na wale wa chini walikaa mahali mbalimbali. Mwaka 1833 askofu Mwanglikana wa Calcutta, Daniel Wilson, aliagiza kwamba ubaguzi wa tabaka ukomeshwe kabisa makanisani. Sharika za Tanjore zilipasuka kwa ajili ya agizo hilo. Miongoni mwa walioupinga alikuwamo mtunzi mashuhuri wa nyimbo za Kikristo za Kitamil, Vedanayagam Sastri, mtu mcha Mungu. Baadaye wengi wa waliokasirika walipata kimbilio katika misioni ya Kilutheri ya Leipzig, ambayo kiongozi wake Karl Graul alifundisha kwamba tabaka ni desturi ya kijamii inayopaswa kuvumiliwa mpaka Injili iiyeyushe polepole.

Jambo hili si la mbali. Jumuiya hiyo hiyo ya Leipzig ndiyo iliyoleta wamisionari wake Kilimanjaro mwaka 1893. Mafundisho ya kuheshimu miundo ya taifa, ambayo kwa Bruno Gutmann yalizaa utafiti wa thamani kubwa juu ya ukoo, ujirani na rika kwa Wachagga, yalikuwa na mizizi katika mawazo yale yaliyojaribiwa India. Sisi tumeyapokea matunda yake mazuri. Historia ya Tanjore inatukumbusha kuuliza kila mara: desturi hii tunayoihifadhi, je, ni kiti cha kumkaribisha mtu, au ni ukuta wa kumzuia?

Tukirudi nyuma hadi siku za Martin Luther tunakuta jambo linalofanana. Mwezi Februari 1519 mji wa Regensburg uliwafukuza Wayahudi wake na kulibomoa sinagogi lao. Mahali pale pale likasimamishwa kanisa dogo la Bikira Maria, na mara mahujaji wakamiminika kwa maelfu, kwa kuwa ilisemekana kwamba miujiza inatendeka. Mwaka 1520, katika kitabu chake kwa wakuu wa Kikristo wa taifa la Kijerumani, Luther aliitaja Regensburg miongoni mwa mahali pa hija panapopaswa kuondolewa. Alipinga udanganyifu na biashara. Lakini juu ya waliofukuzwa ili mahali pale papatikane hakusema neno hapo, na maandiko yake ya mwaka 1543 juu ya Wayahudi ni aibu ambayo makanisa ya Kilutheri yameikiri na kuikataa waziwazi. Hata mrekebishaji aliyeufungua mlango wa neema hakuiona milango yote.

Hatimaye yako matukio ya Mandaikadu, katika wilaya hiyo hiyo ya Kanyakumari, kwenye ufuo wa magharibi. Huko lipo hekalu la mungu mke Bhagavathi, ambalo kitovu chake ni kichuguu kikubwa. Kila mwaka, Februari au Machi, mahujaji wengi, na hasa wanawake, huenda huko na kuoga baharini. Ufuo wenyewe ni makao ya wavuvi Wakristo. Mwezi Machi 1982 ugomvi ulizuka kati ya pande hizo mbili juu ya njia ya kwenda baharini, mahali pa kuogea, na kelele za vipaza sauti. Polisi walipiga risasi, wavuvi kadhaa wakauawa, na ghasia zikaenea katika vijiji vingi. Tume ya uchunguzi iliundwa chini ya jaji. Kila upande una masimulizi yake hadi leo, na si kazi ya makala haya kuamua. Tuone tu jambo moja. Katika wilaya ambayo mababu wa Wakristo wengi walikatazwa kupita njia za hekalu, Mkristo na hujaji walikutana tena njiani, na swali lilikuwa lile lile: nani ana haki ya kupita?

5. Mtumishi wa Injili mbele ya hujaji

Kitabu cha Matendo, sura ya 8, kinatupa habari ya hujaji kutoka Afrika. Towashi Mkushi alisafiri hadi Yerusalemu kuabudu. Kumbukumbu la Torati 23:1 ilimzuia mtu kama yeye kuingia katika mkutano wa Bwana. Na kama alikuwa mtu wa mataifa, katika ua wa hekalu palikuwa na ukuta na maandishi ya kumwonya mgeni kwamba akivuka atajiletea kifo. Jiwe moja la maandishi hayo lilipatikana Yerusalemu mwaka 1871. Basi alikwenda mbali, pengine akasimama nje, akarudi. Lakini alirudi akiwa na chuo cha Isaya mkononi, kitabu ambacho katika sura ya 56 kinamwahidi towashi na mgeni mahali ndani ya nyumba ya Mungu. Filipo hakumkuta hekaluni. Alimkuta njiani, akapanda gari lake, akaketi karibu naye, akaanza kwa kumwuliza swali. Habari ya Maharasan wa Mylaudy inaifuata habari hii hatua kwa hatua.

Naam, twaweza kuuliza: Mkristo aweza kwenda Kanyakumari kama hujaji? Kama hujaji ni yule anayekwenda kutafuta macho ya mungu yamtazame, jibu ni hapana. Sisi tumekwisha kutazamwa katika uso wa Kristo, wala hatutafuti uso mwingine. Lakini yako mambo mengine ambayo hujaji hufanya: huvua viatu, hunyamaza, husubiri, hujifunza jina la mahali. Hayo Mkristo aweza kuyafanya kama mgeni mwenye adabu, bila kusujudu na bila kudharau. Katika Matendo 19:37 karani wa mji wa Efeso anashuhudia kwamba wenzake Paulo hawakumtukana mungu mke wao. Ni ushuhuda mzuri juu ya wahubiri ambao hawakuficha hata neno moja la Injili.

Bartholomäus Ziegenbalg, mmisionari wa kwanza wa Kilutheri India, alijifunza somo hili polepole. Muda mfupi baada ya kufika Tranquebar mwaka 1706 aliingia katika hekalu la mungu mke, akaangusha sanamu kadhaa na kuzikata vichwa nyingine, ili kuonyesha kwamba hazina nguvu. Mwalimu mmoja wa Kitamil alimjibu kwamba zile hazikuwa miungu kabisa, zilikuwa askari wa Mungu tu. Ziegenbalg alikuwa amevunja asichokielewa. Miaka michache baadaye, mwaka 1713, mtu huyo huyo alimaliza kitabu kikubwa juu ya miungu ya Wahindi wa kusini, chenye sehemu ndefu juu ya miungu wake, kilichotegemea barua na maelezo ya Watamil wenyewe. Wakubwa wake wa Halle hawakutaka kukichapisha, wakisema kwamba hakumtuma mtu India kueneza upagani Ulaya. Kilichapishwa mwaka 1867, karibu miaka 150 baada ya kifo chake. Hakuacha kuamini kwamba sanamu si Mungu. Alichoacha ni kudhani kwamba nyundo ni hoja.

Hitimisho

Tumeona kwamba hekalu la Kanyakumari limekuwa na mahujaji tangu zama za Periplus, na kwamba kwa karne nyingi waliokaa karibu nalo zaidi ndio waliozuiliwa zaidi. Mmoja wa waliozuiliwa akawa mwanzo wa Kanisa katika nchi ile. Mwingine, aliyekuwa mashuhuri duniani kote, akazuiliwa mwaka 1925 na kuingia mwaka 1937 pamoja na wadogo waliokuwa hawajapata kuingia kamwe. Tumeona pia kwamba Kanisa, lililozaliwa mlangoni pa wengine, liliweka mabawabu wake lenyewe.

Wenzetu wanaohudumu mijini hupita karibu na mahekalu ya Kihindu, kama yale ya mtaa wa Kisutu jijini Dar es Salaam, na huwaona watu wakivua viatu na kuingia. Wakiulizwa na wanafunzi wa kipaimara juu ya watu hao, wasijibu kwa kicheko. Waeleze kwamba amri ya kwanza inatupasa kumcha Mungu mmoja, na amri ya nane inatupasa kumsema jirani kwa ukweli. Kisha warudi katika usharika wao na kutazama mlangoni Jumapili asubuhi: ni nani anayesimama nje kwa sababu ya nguo yake, ndoa yake, ugonjwa wake, kabila lake, au mchango ambao hakuutoa? Huenda amekuja kutoka mbali. Huenda ana kitabu mkononi na hana wa kumweleza maana yake.

Waraka kwa Waefeso 2:14 unatangaza kwamba Kristo ameubomoa ukuta wa kati uliotutenga. Kazi ya mchungaji ni kuangalia usijengwe tena, na kwanza kabisa usijengwe na mikono yake mwenyewe.